Mlala Katikati

Mganga hajigangi, na kama kuna anayebisha basi aje amtazame Futisita. Huyu bwana alikuwa seremala, mrefu wa kuinamia kila mlango, ndiyo maana watu wakampa jina hilo, na kazi iliyomtoa ni vitanda vya watoto. Tena si vitanda vya kubabaisha. Chaga zake hazikupiga kelele mtoto akijigeuza, matendegu, ndiyo miguu ya kitanda, hayakutikisika, na ule mfumbati wa ubavuni aliuchonga ukashuka kidogo katikati, ili mtoto apande na kushuka mwenyewe bila kuita mtu. Wateja walitoka pale karakana na kitanda kichwani, wakiapa kwamba kuanzia leo mtoto analala kwake.

Na kwake Futisita? Kwake mtoto alilala katikati.

Mtoto mwenyewe ni binti wa miaka mitano na ushee, aliyeitwa Kamanda kwa sababu popote alipoingia, watu walijikuta wamepangwa. Kitandani ndiyo usiseme! Alipozaliwa walisema atalala nao mpaka aache kunyonya. Akaacha kunyonya. Wakasema basi, mpaka baridi ipite. Baridi ikapita, ikaja nyingine, nayo ikapita. Wakasema mpaka aanze shule, na sasa sare ya shule ilikuwa inaning'inia ukutani juu ya kitanda kilekile, na mwenye sare amelala mkingamo, kichwa kwa mama, nyayo kwenye mbavu za baba. Kila asubuhi Futisita alijishika ubavu na kulalamika, "Huyu mtoto ataniua huyu," na alilalamika kwa sauti ile ambayo watu wengine hutumia kusifia.

Kitanda chake kidogo kilikuwepo, usidhani hakikuwepo. Kilikuwa chumba cha pili, kimepigwa vanishi hadi unaona meno yako, na juu yake pamelala kapu la nguo chafu na mwamvuli uliovunjika mbavu.

Sasa, kulala na mtoto ni jambo ambalo kila mtu ana hukumu yake mfukoni. Pale karakana kulikuwa na seremala mwenzake aliyeitwa Msasa, kwa jinsi maneno yake yalivyokwaruza. "Mtoto akilala na wazazi wake," alisema siku moja huku akipaka gundi, "huyo si mtoto tena. Huyo ni uzazi wa mpango!" Karakana nzima ikaangua kicheko. Mzee wa kupaka vanishi hakucheka. Alisema kwao walilala wote kwenye mkeka mmoja, baba, mama na utitiri wa watoto, na hakuna aliyekosa adabu wala aliyekosa mdogo wake. "Ninyi wa leo mnamtupa mtoto chumba cha pili peke yake, halafu akikua mnalalamika hapigi simu." Msasa akamjibu kwamba watu waliolala kwenye mkeka huo ndio wanaokoroma mpaka leo.

Na Futisita akasemaje? Alicheka kuliko wote, kisha akasema kwa sauti ya mtu mzima, "Wangu alishatoka zamani. Ana chumba chake." Uongo mtupu, mchana kweupe! Na uongo huohuo alikuwa ameshampa mama mkwe wake, ambaye alimtamani mjukuu wa pili kwa roho yote na kila walipoonana aliuliza, "Yule wa katikati ameshaondoka?" Futisita naye akajibu, "Ameshaondoka, mama," akiangalia vidole vyake vya miguu.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Futisita ilikatika Jumatatu moja, mama mkwe alipoingia karakana akikanyaga takataka za randa kwa maringo, na nyuma yake rafiki yake, Mama Vioo. Huyu alikuwa na duka la samani pale barabara kubwa, lenye dirisha la vioo kutoka chini mpaka juu. Kazi ya fundi ikishasimama nyuma ya vioo vile, fundi huyo ameula. Futisita alikuwa na mazoea ya kupita pale na kujifanya anafunga kamba za viatu, ili tu aangalie ndani na kupima kwa macho vitanda vyake vingekaa vipi.

"Shikamoo mama," alimwamkia mkwe wake, mikono yenye gundi ameificha nyuma.

"Marahaba mwanangu. Huyu ni mwenzangu. Nimemsimulia vitanda vyako mpaka koo limenikauka."

Mama Vioo hakuwa na maneno mengi. Alipitisha kiganja kwenye mfumbati, akabonyeza chaga, akasukuma tendegu kwa goti. "Kizuri," alisema. "Lakini vizuri nimeshauza, na vinanirudia. Mzazi ananunua leo, wiki ijayo amekirudisha, mtoto amekikataa. Nimechoka kurudishiwa vitanda ambavyo havijakojolewa hata mara moja! Wewe fundi, una mtoto?"

"Ninaye, mama."

"Analala kwenye kitanda ulichomtengenezea?"

Kabla Futisita hajameza mate, mama mkwe alidakia. "Yule? Tangu zamani! Hana habari na kitanda cha wazazi yule."

"Basi Jumamosi asubuhi na mapema, kabla hajaamka, nakuja kumwona kwa macho yangu," alisema Mama Vioo. "Nikimkuta amelala kwake, dirisha lote la mbele ni lako. Nisipomkuta, tutabaki kusalimiana tu barabarani."

"Karibu sana," alisema Futisita.

Jioni alimweleza mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na kazi yake aliifanyia pale pale sebuleni. Mke alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni.

"Kwa hiyo umemdanganya mama yangu mzazi."

"Kidogo tu."

"Kidogo gani, baba Kamanda? Miaka mizima!"

Lakini alikuwa mke wa kuelewa, na tena, tuseme ukweli, na yeye alikuwa na hamu ya kujinyoosha. Aliondoa kapu, akatupa mwamvuli, akaunga vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye kazi akashona shuka la kujifunika lenye bata. Futisita akaenda dukani kununua pipi, akajaza mfuko. Alijua kutakuwa na vita. Alijiandaa kwa vilio, kwa kugaragara sakafuni, kwa kuahidi baiskeli. Alimkalisha Kamanda mbele yake, akakohoa.

"Kamanda mwanangu, unajua wewe ni mkubwa sasa."

"Najua."

"Na watu wakubwa wana vitanda vyao."

"Kwani kile ni changu?"

"Ni chako."

"Chote?"

"Chote."

"Sawa," alisema Kamanda. Akachukua mto wake, akaondoka.

Futisita alibaki na pipi zinamyeyukia mfukoni. Vita gani hii isiyo na risasi hata moja? Alimfuata kule chumbani, akamkuta ameshapanda na anawapanga bata wa shuka lake.

"Lakini hutaogopa?"

"Nini?"

"Aa... giza."

"Giza hata kwenu lipo."

"Na panya, je?"

"Kuna panya?"

"Hakuna, ila nasema tu, mtu anaweza akafikiri..."

Mkewe alimfinya kiunoni, finyo la haki, akamtoa nje. "Wewe, dirisha unalitaka au hulitaki?"

"Nalitaka!"

"Basi mwache mtoto alale."

Na mtoto akalala. Alilala usingizi wa pono, Jumatatu, Jumanne na siku zilizofuata, akaamka asubuhi ameng'ara na kutangaza shuleni kwamba yeye ana chumba. Mkewe naye alilala raha mustarehe. Aliyekosa usingizi ni baba mwenye nyumba. Kitanda kilikuwa kimegeuka uwanja. Akijigeuza huku, hakuna mguu. Akijigeuza kule, hakuna kisigino cha kumkanyaga figo. Mkewe alimwekea mkono, naye aliupokea, si mjinga, lakini mkewe akishasinzia yeye alibaki anausikiliza ukuta. Alijisingizia kiu akaenda kunywa maji, na njia ya kwenda kwenye maji ilipita mlangoni kwa Kamanda. Alikunywa maji mengi wiki ile.

Kazini mambo yakaharibika. Alipiga randa mbao iliyokwisha kupigwa randa. Alitengeneza kiti ambacho miguu mitatu ilikubaliana na wa nne ukawa na maoni yake.

"Una nini wewe?" Msasa alimuuliza. "Mke amekufukuza?"

Hapo ndipo Futisita alipofanya kosa. Angeweza kusema anaumwa jino. Badala yake ulimi ukateleza ukaenda ulikotaka. "Ni mtoto," alisema, akapumua kwa huzuni. "Sijui kaingiwa na nini. Analia usiku kucha, ananitaka mimi." Na maneno hayo, Mungu amsamehe, yalikuwa matamu mdomoni kuliko zile pipi.

Msasa alimwonea huruma, na huruma ya Msasa ina miguu. Alimwambia mkewe, mkewe akamwambia jirani, na Alhamisi mama mkwe akapiga simu. "Nasikia mjukuu wangu analia?" Futisita akasema ni kidogo tu, mama, atanyamaza. Na muda huo Kamanda, maskini ya Mungu, alikuwa anakoroma chumba cha pili hana hili wala lile.

Jumamosi kulipoanza kupambazuka, Kamanda alikohoa. Kikohozi kimoja, hata si cha maana, lakini Futisita aliruka. Nikamwangalie tu, alijiambia. Alimkuta ametandaza mikono, amekitawala kitanda chote. Akakaa pembeni. Kitanda hakikutoa mlio, akajisikia fahari. Akainua mguu mmoja. Akainua wa pili. Magoti yakamfika kidevuni.

Kamanda alifungua jicho moja. "Baba, umeota vibaya?"

"Ndiyo," alisema Futisita, na haukuwa uongo sana.

"Haya, lala."

Walikaa hivyo kidogo, mmoja amejikunja, mwingine amebanwa ukutani. Kisha Kamanda akasema kwa heshima zote kwamba anakosa hewa, akachukua mto wake, akaenda kwa mama yake. Futisita alitaka kumfuata. Wallahi alitaka! Lakini pale alipotoka mtoto pana joto, na harufu ya mafuta ya nywele zake, na ule usingizi wote alioudai wiki nzima ukamshukia kwa pamoja. Alijivutia bata mpaka kichwani.

Mama Vioo si mtu wa kuchelewa. Mke wa fundi alizinduka na mlango unagongwa, kuna mguu mdogo mgongoni mwake na mume hayupo, na kabla akili haijamkaa sawa alikuwa ameshafungua, na mama yake ameshaingia, anamwongoza mgeni kwa kunyata.

"Huku, huku," mama mkwe alinong'ona. Aliusukuma mlango wa chumba kidogo, akaweka mkono kifuani. "Ona mwenyewe. Amelala malaika wangu!"

Mama Vioo alichungulia. "Mbona mkubwa hivi?"

"Anakula vizuri."

Mama Vioo aliingia, akazunguka kitanda taratibu ili amwone vizuri, akafika upande wa miguuni, akaiona miguu. Ilikuwa imetokeza nje ya ubao, miwili, mirefu, na kidole gumba kimoja kilikuwa na ukucha mweusi uliopigwa nyundo. Akapiga ukelele wa kuamsha mtaa.

Futisita alikurupuka. Lakini kukurupuka kunataka nafasi, na goti lake lilikuwa limenasa kati ya mbao za miguuni, mbao alizozipanga mwenyewe kwa kipimo ili mtoto asipenye. Shuka likaanguka. Zikaonekana ndevu. Ikaonekana fulana yenye tundu. Mtu anaweza akastahimili mengi katika dunia hii, lakini kukutwa na mama mkwe wako una bukta, umejikunja kwenye kitanda cha mtoto, goti limekamatwa na kazi ya mikono yako mwenyewe! Alitamani ardhi ipasuke immeze na bata wake.

"Shikamoo mama," alisema, hukohuko alikonasa.

"Marahaba," alisema mama mkwe, akiangalia dari.

Kamanda akatokea mlangoni, nywele zimelala upande mmoja, anaburuta mto. Watu wote wakamgeukia. Mama Vioo akashusha pumzi.

"Nimeelewa," alisema. "Ni yaleyale. Mtoto amekikataa, amelia, baba wa watu akaja kumbembeleza. Usione haya, fundi, umefanya kibaba. Lakini kitanda cha kumliza mtoto siwezi kukiweka dirishani."

"Ndivyo hivyo," mama mkwe alidakia, ili amsitiri mkwe wake. "Wiki nzima nasikia mtoto analia, anamtaka baba yake."

Basi huo hapo mlango wa kutokea, umefunguliwa na wanawake wawili wenye huruma. Neno moja tu, ndiyo, na Futisita angetoka pale kichwa juu, baba mwema anayejali. Dirisha lingekwenda, kweli, lakini aibu isingemfikia Msasa wala mtu yeyote. Alifungua mdomo kulisema.

"Mimi?" alisema Kamanda. "Mimi nililia?"

Hakumuuliza bibi yake, wala yule mgeni. Alimwangalia baba, mdomo wa chini unamtetemeka, anangoja. Alikuwa amelala peke yake wiki nzima bila kuita mtu, hata usiku mmoja mlango ulipobamizwa na upepo, na kila asubuhi alikuja mezani kifua mbele. Na sasa watu wazima wamesimama chumbani kwake, wanasema alilia, na baba yake yupo na amenyamaza. Futisita akaimeza ile ndiyo.

"Hapana," alisema. "Hajalia hata siku moja. Huyu mtoto ni jasiri kuliko mimi. Aliyeshindwa ni mimi. Mimi bila miguu yake kwenye mbavu zangu silali, mama, nakesha. Nilimsingizia kwa sababu niliona haya kusema baba mzima, na ndevu zote hizi, nimemkosa mtoto aliye chumba cha pili. Na jingine, mama, nilikudanganya. Miaka yote alilala katikati yetu. Ametoka Jumatatu hii. Alichukua mto wake akaondoka, hata nyuma hakutazama."

Kamanda akafuta pua kwa mto, akanyoosha mgongo. Kisha mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika. Alishika ukuta, ukuta haukutosha, akakaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtiririka, na kila alipotaka kuacha aliliona lile goti na kuanza upya. "Na wewe," alimuuliza binti yake kwa shida, "ulikuwa hujui?"

"Mama, mimi nilidhani ana kiu!"

Mama Vioo peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama anachungulia uvunguni. Alivuta chaga, akasukuma tendegu, akamtazama Futisita juu mpaka chini, au tuseme kichwa mpaka pale goti liliponasa.

"Una kilo ngapi wewe?"

"Themanini na kitu, mama."

"Na hakijalegea popote." Akamgeukia Kamanda, akachuchumaa. "Bibi mdogo, kitanda hiki unakipenda?"

"Nakipenda. Ila hakitoshi watu wawili."

"Hakikutengenezwa kwa watu wawili."

"Mwambie baba," alisema Kamanda.

Hapo na Mama Vioo akashindwa kujizuia, akacheka, na kwa kicheko hichohicho akasema vitanda aanze kuvipeleka wiki ijayo, dirisha lote. Walimtoa Futisita kwa msumeno. Ubao mmoja wa miguuni uliharibika, naye akaapa kuweka mwingine kabla ya mchana.

Msasa aliambiwa yote na Futisita mwenyewe, kwa kuwa yangemfikia tu. Alicheka mpaka akaangusha kopo la gundi, kisha akamtungia jina jipya, Mlilia Mwana, na kumtundikia chupa ya kunyonyea juu ya benchi lake la kazi. Futisita aliiacha ining'inie. Mzee wa vanishi alikuja akampa mkono, akarudi kwenye vanishi yake.

Jumapili baada ya chakula cha mchana nyumba ilitulia, saa ile ambayo kila mtu anajitafutia pa kuegesha kichwa. Futisita alilala karibu na mkewe, akaangalia dari, akajigeuza, akainuka. Akaenda akasimama kwenye mlango wa chumba kidogo. Ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga alikuwa ndani. Katika nyumba ile aliyoilipia kila msumari hakuwahi kubisha mlango wowote. Akakuna kichwa, akabisha.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Baba."

Akasikia mto unasogezwa, miguu inashuka chini, inakuja bila haraka. Mlango ukafunguka ufa. Jicho moja likamtazama kuanzia miguuni kwenda juu, na kufika juu kulichukua muda.

"Unataka nini, baba?"

"Kupumzika kidogo tu. Nitakaa chini, kwenye mkeka. Sitakubana."

Kule chumba kikubwa mkewe alikuwa ameziba mdomo kwa mto, anasikika anacheka hivyohivyo. Kamanda aliwaza. Aliwaza sana. Kisha akaufungua mlango, akasimama pembeni apate kupita.

"Haya, karibu," alisema. "Ila ni leo tu, baba. Usizoee."